Laptopu mpya haioni waifai? Anza na simu yako na kebo

Umenunua laptopu, iwe ile ya kufungua boksi ama ex-UK (iliyotumika Uingereza) ya pale Luthuli, Nairobi, umefika nyumbani ukawasha, kila kitu kiko sawa lakini waifai hakuna. Si kwamba inakataa paswadi, hapana, hiyo alama yenyewe ya waifai haipo, ama iko lakini haioni rauta yako na simu zote za nyumba zinaiona. Hapo ndo mtu anashuka tauni mbio, anaambiwa kadi ya waifai imeungua, analipa ibadilishwe, na kumbe kadi ilikuwa nzima tu, kitu ilikosa ni draiva, yaani programu ndogo inayofanya kompyuta iweze kutumia hiyo kadi. Hii mambo inaniuma juu wengi wanaolipa hizo pesa ni wanafunzi wanataka tu kuomba mkopo wa HELB ama kumalizia asaimenti, kwa hivo soma hii yote kabla hujatoa hata shilingi.

Kadi ya waifai haifanyi kazi mpaka mfumo wa kompyuta, Windows ama Linux, uwe na draiva ya hiyo kadi. Sasa kadi mpya zinatoka kila mara, na flashi ambayo fundi anatumia kuweka Windows inaweza kuwa ya zamani kuliko kadi iliyo ndani ya hiyo laptopu, kwa hivo Windows inaiangalia na haijui ni kitu gani. Laptopu ikitoka kiwandani na Windows yake huwa imewekewa draiva zote, lakini ikifutwa dukani iwekwe Windows nyingine zile draiva zinaenda. Na ndo unajipata pale, draiva iko kwa intaneti na intaneti inataka draiva. Usianze kuhangaika na draiva kwanza. Tafuta intaneti ya muda kwa njia nyingine, mengine yatafuata.

Simu kwa kebo

Chukua simu ya Android, ichomeke kwa laptopu na kebo ya USB, ingia setingi za simu pale kwa hotspoti, utaona kitu inaitwa "USB tethering", washa. Baada ya sekunde chache laptopu itaonyesha alama ya mtandao wa waya na uko ndani. Windows na Linux zote zinakuja na draiva ya hii kazi tayari, ndo maana naipenda kuliko njia zingine zote.

Kama hiyo "USB tethering" imefifia haibonyezeki, shuku kebo. Nyingi za zile kebo za bei rahisi za barabarani zina waya za kuchaji peke yake, za data hazina. Ukichomeka na simu ikuulize kama unataka kuhamisha faili ama kuchaji tu, basi kebo inabeba data. Ikianza tu kuchaji bila kuuliza kitu chochote, azima kebo nyingine kwanza, ikiwezekana ile iliyokuja na simu kwa boksi. Na usichanganye hii na hotspoti ya kawaida, hotspoti ni waifai na laptopu yako ndo haina waifai kwa sasa. Blutuu pia usiitegemee, juu kwa laptopu nyingi blutuu na waifai ziko kwa kadi moja na moja ikikosa draiva nyingine mara nyingi imekosa pia.

Kitu watu wengi hawajui ni kwamba simu ikiwa imeshika waifai ya nyumbani, simu nyingi za Android zinapitisha hiyo waifai kwa kebo mpaka kwa laptopu, so hata bando hutumii. Kama huna waifai na unatumia bando, fanya hivi mara moja ukishaingia: Settings, halafu "Network & internet", halafu Ethernet, washa "Metered connection". Windows ikiona kebo ya simu inafikiria ni mtandao wa waya wa ofisini usio na kipimo, itaanza kuvuta masasisho ya gigabaiti kadhaa nyuma nyuma na bando inaisha kabla hata hujapata draiva yenyewe.

Ikitokea Windows haijatambua simu, bonyeza kitufe cha kulia kwa Start ufungue Device Manager, utaona simu imeandikwa RNDIS na alama ya njano. Bonyeza kulia, "Update driver", "Browse my computer", halafu "Let me pick from a list", chagua "Network adapters", upande wa kampuni chagua Microsoft, na utafute jina linaloanza na "Remote NDIS". Itakuonya kidogo, kubali.

Wenye iPhone, pole, hapa ni ngumu kidogo, kwa Windows iPhone kwa kawaida inataka programu ya Apple iwe ndani kwanza na hiyo programu inataka intaneti. Azima Android ya mtu kwa nusu saa. Kwa Ubuntu (aina moja ya Linux) iPhone kawaida inakubali, bora ubonyeze "Trust" ikikuuliza kwa simu.

Kama uko na rauta ya fibre karibu, waya wa Ethernet pia unamaliza kazi. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina hilo tundu, lakini kuna adapta za USB, na ukipata yenye chipu ya RTL8153 kawaida inajitambulisha yenyewe kwa Windows na kwa Linux. Zile waifai ndogo za USB zinazokuja na kasidii ya draiva angalia vizuri, laptopu yako haina hata pa kuweka kasidii.

Umekwama kwa ukurasa wa kwanza wa Windows 11

Windows 11 inataka intaneti hata kabla hujamaliza kuiset, na kama kadi haina draiva unafika kwa ule ukurasa wa kuchagua mtandao, orodha iko tupu na Next imefifia. Chomeka simu na uwashe tethering ukiwa hapo hapo, subiri kidogo, mtandao utajitokeza uendelee. Zile njia za kuruka hiyo hatua zenye watu wanatumiana, ile ya kuandika bypassnro na zenzake, Microsoft imekuwa ikizifunga kuanzia 2025, so inaweza kukubali kwa laptopu ya rafiki yako na ikatae kwa yako. Usipoteze usiku hapo.

Kama simu imekataa kabisa, pakua draiva na simu ama kwa saiba, uiweke kwa flashi ikiwa imefunguliwa kwa folda, yaani uone faili zinazoishia na .inf, si ziwe ndani ya zipu. Matoleo mapya ya Windows 11 yana kitufe cha "Install driver" kwa ule ukurasa, kibonyeze uionyeshe folda. Kama hicho kitufe hakipo, bonyeza Shift na F10, kwa laptopu zingine ni Fn na Shift na F10, dirisha jeusi la kuandika amri (Command Prompt) litafunguka, andika:

pnputil /add-driver D:\*.inf /subdirs /install

Hiyo D ni herufi ya flashi, ikisema haioni kitu jaribu E ama F.

Sasa tafuta draiva yenyewe

Ukiwa na intaneti ya kebo, kabla ya kutafuta popote ingia "Windows Update", "Advanced options", "Optional updates", halafu "Driver updates". Ukikuta jina la Realtek, Intel ama MediaTek hapo, weka tiki, instoli, ristati, na kwa watu wengi shida imeisha hapo hapo.

Isipokubali ndo unaanza kuuliza kadi jina lake. Fungua Device Manager, chini ya "Other devices" utaona "Network Controller" na kile kipembetatu cha njano. Bonyeza kulia, Properties, ingia Details, pale kwa Property chagua "Hardware Ids". Utaona mstari mrefu kama huu:

PCI\VEN_10EC&DEV_B852

Usiogope hizo herufi, zinasema kila kitu. VEN ni kampuni iliyotengeneza kadi: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. DEV ni modeli, na hiyo B852 ni Realtek RTL8852BE, kadi ambayo iko kwa laptopu nyingi sana za bei ya kati. Ukishajua hivo huwezi kudanganywa tena na mtu yeyote kuhusu kadi yako.

Draiva itoe kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, yaani HP, Lenovo, Dell, Asus, yoyote ile. Geuza laptopu uangalie stika ya chini, kuna namba ya siriali, kwa Dell inaitwa Service Tag na ina herufi na tarakimu saba kwa jumla, ingiza hiyo namba kwa tovuti yao na watakuonyesha draiva za laptopu yako peke yake. Angalia pia kama ni ya Windows 10 ama 11. Na kama laptopu yako ina prosesa ya Snapdragon lazima draiva iandikwe ARM64, zile za Intel na AMD hazitaingia hata ukilazimisha.

Naomba sana usipakue zile programu za kujidai zinasasisha draiva zote kwa klik moja. Zinakuonyesha orodha ndefu ya makosa ili ulipe, na zingine zinakuachia takataka ndani ya mashine mpya. Huzihitaji.

Kuna laptopu za bei nafuu zinakuja na Windows iliyofungwa, inaitwa "S mode", hiyo inakubali programu za Microsoft Store pekee, ukibonyeza faili ya draiva ya .exe inakataa. Kuitoa ni bure lakini inafanyika kupitia Store yenyewe, so tena unahitaji ile kebo ya simu.

Na kama kwa Device Manager hakuna kitu cha waifai kabisa, hata hicho cha njano hakipo, anza na vitu vidogo. Eropleni modi. Swichi ya pembeni, laptopu za zamani za biashara kama ThinkPad zilikuwa nayo na inasogezwa bila mtu kujua. Halafu ingia BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijawaka) uangalie kama wireless imezimwa. Vyote vikiwa sawa ndo upeleke kwa fundi afungue, juu inawezekana kadi imelegea ama ilitolewa. Lakini akikwambia anabadilisha kadi na laptopu ni HP ama ThinkPad ya miaka ile ya nyuma, mwambie athibitishe kwanza kama hiyo modeli inakubali, juu BIOS zao zilikuwa na orodha ya kadi zinazoruhusiwa na ukiweka nyingine mashine inakataa kuwaka, inakwambia kadi haijaidhinishwa.

Wa Linux

Kwa Linux draiva nyingi ziko ndani ya keneli yenyewe (kiini cha mfumo), kwa hivo swali kubwa ni keneli yako ni ya lini. Fungua terminal uandike hizi mbili:

uname -r
lspci -nnk

Ya kwanza inakupa namba ya keneli, ya pili inaorodhesha vifaa, tafuta "Network controller" na uangalie kama chini yake kuna mstari wa "Kernel driver in use". Kama haupo, kadi haijapata draiva. Ile RTL8852BE niliyotaja iliingia kwa keneli 6.2, MediaTek MT7921 iliingia 5.12, Intel AX210 ni 5.10. Ubuntu 22.04 ilitoka na keneli 5.15, sasa unaona vile mtu ana flashi ya 22.04 ya zamani na laptopu ya Realtek mpya anahangaika wiki nzima wakati 24.04 inayokuja na 6.8 ingeshika bila kuguswa. Kama hutaki kuanza upya, chomeka simu kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-generic-hwe-22.04

Kuna moja ya kuogopa kabla ya kununua kama wewe ni mtu wa Linux, MediaTek MT7902. Kwa miaka kadhaa ilikaa bila draiva kwenye keneli, na iko kwa laptopu zinazouzwa vizuri tu. Uliza muuzaji akuonyeshe Device Manager kabla ya kulipa, VEN_14C3 na DEV_7902.

Wakati mwingine draiva iko lakini fimuwea yake (programu inayoingia ndani ya kadi yenyewe) haipo. Andika sudo dmesg | grep -i firmware, ukiona "failed to load" basi sasisha kifurushi cha linux-firmware. Na rfkill list itakuonyesha kama waifai imezimwa tu, ikiwa imezimwa andika rfkill unblock wifi.

Broadcom za zamani zinataka sudo apt install bcmwl-kernel-source, na hapa kuna mtego mmoja unaangusha watu wengi sana. Kama Secure Boot (ulinzi unaokataa draiva zisizo na sahihi) imewashwa, wakati wa kuinstoli itakuomba utunge paswadi. Usiandike tu ili ipite ukasahau. Ukiristati itakuja skrini ya bluu imeandikwa "Perform MOK management", ni ya sekunde chache tu, ukiiacha inapita na draiva inakataliwa kimya kimya. Chagua "Enroll MOK", Continue, Yes, weka ile paswadi, halafu ristati. Ukiikosa si mwisho wa dunia, instoli tena upya itarudi.

Wenye Windows na Linux kwa mashine moja, nendeni upande wa Windows mzime "fast startup". Windows ikizimika nusu nusu inaweza kuacha kadi imeshikwa na Linux ikiamka inaikuta haijibu.

Waifai iko, rauta yako ndo haionekani

Hii inapata sana laptopu za ex-UK na zile za kutoka Marekani. Simu zinaona mtandao, laptopu inaona wa majirani lakini wako hauoni. Mara nyingi kadi ni ya zamani inashika 2.4 GHz peke yake na rauta yako inarusha 5 GHz. Ama rauta imewekwa WPA3 tupu, yaani ule ulinzi mpya wa paswadi bila WPA2 ya zamani. Ama iko chaneli ya 12 au 13, hizo kadi nyingi za soko la Marekani haziziangalii kabisa. Na kuna kadi za Intel kama 7260 na 8260 ambazo zikiwa na draiva ya zamani haziwezi kuona rauta ya Wi-Fi 6 hata kidogo, ukisasisha draiva zinaiona.

Ingia kwa rauta ukitumia simu, anwani kwa kawaida ni 192.168.1.1 ama 192.168.100.1, imeandikwa nyuma ya rauta pamoja na paswadi ya kuingilia. Washa 2.4 GHz iwe na jina lake tofauti, chagua WPA2 ama ile ya WPA2 na WPA3 pamoja, na chaneli weka 1, 6 ama 11. Kwa flati zetu hizi za Roysambu na Pipeline ambazo kila nyumba ina rauta yake, jaribu zote tatu uone iliyo na nafasi.

Imeshika lakini kurasa hazifunguki

Fungua lile dirisha jeusi (Command Prompt) uandike ping 8.8.8.8. Ikijibu, jaribu ping google.com. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikatae, shida ni DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba), weka 1.1.1.1 ama 8.8.8.8 kwa setingi za mtandao. Zote zikijibu na bado brauza inakwambia ukurasa si salama, angalia saa. Kweli, saa. Ex-UK nyingi zinakuja na saa za London, mtu anabadilisha saa kwa mkono ifanane na ya Nairobi lakini eneo la saa linabaki London, kwa hivo mashine inaamini iko mbele kwa saa kadhaa na vyeti vya usalama vya tovuti vinaweza kukataa, eCitizen na benki zikiwemo. Weka eneo la saa liwe Nairobi, halafu uiache ijiseti yenyewe. Ukiona tarehe inarudi miaka nyuma kila ukizima, betri ndogo ya ubao mama imekufa, hiyo ni ya kubadilisha.

Wenye mifumo miwili mtaona saa inaruka saa tatu kamili mkitoka Linux kwenda Windows, na ni juu Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya msingi ya dunia), Linux inahifadhi UTC na Windows inahifadhi saa ya hapa. Upande wa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1 na itatulia.

Laptopu ikiwa ilikuwa ya ofisi ya mtu, ingia "Network & internet" kisha Proxy, uzime chochote ulichokuta pale.

Na kama unatumia zile waifai za mtaa za kulipia na M-Pesa, ule ukurasa wa kulipia ukikataa kutokea, andika neverssl.com kwa brauza, utakuja. Halafu zima "Random hardware addresses" kwa huo mtandao, juu hiyo inabadilisha anwani ya kadi yako, na mfumo wao ukiona anwani mpya unafikiria wewe ni mgeni na unakudai tena pesa uliyolipa asubuhi.

Ikishakubali kila kitu, chomeka flashi ufungue dirisha jeusi kama admin, uandike:

mkdir D:\draiva
pnputil /export-driver * D:\draiva

Hapo umenakili draiva zote ulizoziongeza kwa hiyo laptopu. Andika modeli kwa kikaratasi ukibandike kwa hiyo flashi, na siku Windows itawekwa upya, mpe fundi hiyo folda kabla hajaanza.